Mkono wa Masanja kwa Mama Mkwe Mganda

Jamani, leo nusura nimkoseshe Masanja mke!

Tumekwenda kumposea binti wa fundi cherehani Mganda, hapa Geita. Mshenga ni mimi, niliyefika Uganda mara tatu. (Haya, mara moja.)

Nikamwambia Masanja, "Waganda ni watu wa kisasa. Mpe mama mkono."

Masanja, suruali yake ya bugaluu imepigwa pasi, akanyoosha mkono. Mama akapiga yowe, akajifunika uso, akatimkia jikoni!

Mzee akafoka, "Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe! Nani kakufundisha?"

Masanja akanitazama mimi.

Nikasema, "Shikamoo tena, mzee. Sasa kama si mkwe, mama kamkimbia nani?"



Kicheko cha mama kikatoka jikoni. "Mpokeeni, ila mkono wake abaki nao!"

Semeni wenyewe, mshenga kama mimi mtampata wapi?