Bakuli Chini ya Mfarishi

Walburga Kress aliahidi kwamba hataoka keki. Aliahidi jioni, mbele ya bintiye Gerlinde, mkono juu ya meza, na ahadi hiyo akaivunja asubuhi yake kabla hata hajavaa soksi.

Si kwamba alikuwa mkaidi, ingawa ukaidi anao wa kugawia kijiji kizima na mwingine ukabaki. Ilikuwa ni adabu. Mwezi wa kumi umefika, matufaha yamejaa kapuni, jozi za mti wa uani zimekauka zinangoja nyundo, mgeni anakuja saa ya kahawa. Sasa umwekee nini mezani? Biskuti za dukani? Kijijini kwao kuna uchumba uliovunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Shida ni kwamba mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi wa bima ya matunzo. Alikuja kutazama kama Walburga, mwenye umri wa miaka themanini na tatu, amechakaa vya kutosha kupewa muuguzi wa kumsaidia kila asubuhi. Na kuchakaa alikuwa amechakaa kweli. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havifungi wala havifunguki. Mwezi wa nane aliteleza bafuni, akalala humo tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni ya kanisa, uchi, akiwasuta watakatifu mmoja mmoja kwa majina yao. Tangu hapo Gerlinde, anayekaa mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari, hapati usingizi. Alisema waziwazi: muuguzi akipatikana, mama abaki nyumbani kwake. Asipopatikana, kabla ya Krismasi anaingia makao ya wazee.

"Kesho uwe vile vile ulivyo, mama," Gerlinde alimwambia. "Usijipambe, usifagie, na tafadhali usioke."

"Kwa hiyo nimpokee mtu wa watu kama mchawi?"

"Kama mgonjwa! Hertha wa ng'ambo ya barabara alifanyaje? Mkaguzi alimkuta juu ya ngazi anatundika mapazia, akaandika kwamba yule bibi ni mzima kabisa. Leo Hertha yuko wapi?"

Hertha yuko makao ya wazee, chumba kimoja na mama mmoja anayewasha televisheni tangu alfajiri. Walburga alikwenda kumwona mara moja tu. Si televisheni iliyomtisha. Aliuliza jiko liko wapi, akaambiwa wazee hawaruhusiwi kuingia jikoni.

Basi alfajiri ile akapasha maziwa, akatia hamira na sukari kidogo, akamimina kwenye unga. Kazi ya kukanda ndiyo iliyomtoa jasho. Ngumi hazifungi, kwa hiyo alikanda kwa viwiko, kifua kimeegemea meza, akipumzika na kurudi, akipumzika na kurudi. Alilia kidogo kwa maumivu na zaidi kwa hasira, akajifuta kwa aproni. Donge lilipolainika alilitia kwenye bakuli, akalifunika kitambaa, akalipeleka kitandani.

Hapo hakuna la ajabu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Unga wa hamira unataka joto, na nyumba za kule zinapoanza kupata baridi, hakuna mahali penye joto kama chini ya mfarishi wa manyoya ya bata bukini. Walburga alililaza upande wa marehemu mumewe, Kilian, ambao kwa miaka tisa haujawa na kazi nyingine. Akaliegemeza mto, akavuta mfarishi juu, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa kali, akatandaza na sweta ya sufu ya Kilian. Halafu akafunga madirisha yote. Upepo ukipita, donge linanywea, na katika nyumba ile mtoto aliyebamiza mlango siku ya kuoka alikuwa akionana na mwiko.

Mkaguzi alitarajiwa alasiri. Mpaka wakati huo keki ingekuwa imekwisha kuiva, matufaha na jozi na mdalasini juu yake, na Gerlinde angepiga kelele apendavyo. Nani hutupa keki iliyokwisha kuokwa? Lakini mkaguzi alifika kabla ya adhuhuri. Mzee aliyekuwa aanze naye alifariki usiku, kwa hiyo hakuhitaji tena msaada. Gerlinde, aliyewahi kutoka mjini ili amchunge mama yake, alikutana naye langoni.

Bwana Sievers alikuwa kijana wa kaskazini, mpole, mwenye viatu visivyo na tone la tope. Alikaa jikoni akafungua makaratasi.

"Bibi Kress, unaweza kuinua mikono juu ya kichwa?"

"Kwani nimekamatwa?" Walburga akaiinua. Maumivu yalimshuka hadi kiunoni, naye akatabasamu kama anapigwa picha.

"Unajua leo ni siku gani?"

"Alhamisi. Siku ya kuzolewa takataka za karatasi. Lorenz wa jirani ametoa za plastiki, kama kawaida yake."

"Na kuoga, unaoga mwenyewe?"

"Wewe unaogeshwa na nani, baba?"

Gerlinde alimpiga teke chini ya meza. Walburga akauliza kwa sauti nani anampiga teke. Kijana aliandika, na kila alipoandika Gerlinde aliona makao ya wazee yanasogea kama treni inayoingia stesheni. Kwa robo saa Walburga alionyesha kwamba anaweza kila kitu: alisimama bila mkongojo, akafunga kifungo kwa meno akidai ndivyo alivyozoea, akahesabu kurudi nyuma mpaka kijana akamwomba aache. Alikuwa anajichimbia shimo, na analichimba kwa madaha.

"Nimalizie na chumba cha kulala," alisema Bwana Sievers.

"Hapana haja," Walburga alisema haraka.

Lakini kijana alikwisha kufungua mlango.

Kitanda kilikuwa na mtu, au ndivyo kilivyoonekana. Upande mmoja ulikuwa umekunjuka. Upande wa pili mfarishi umevutwa hadi kwenye mto, sweta ya mwanamume juu yake, na katikati umeinuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, kwa maana hamira ilikuwa imefanya kazi yake barabara.

"Nani amelala hapa?" aliuliza Bwana Sievers kwa sauti ya chini.

Walburga alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Mgeni yumo ndani, kahawa hiyo inakuja, na keki bado ni donge kitandani! Kwao mwenyeji aliyefumaniwa namna hiyo hana uso tena. Na nyuma ya mgeni amesimama Gerlinde, aliyepewa ahadi. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Ni mume wangu, Kilian. Amelala. Funga mlango, upepo unamwingia."

Bwana Sievers alitazama makaratasi yake, ambako mwanamke huyu aliandikwa mjane. Halafu akamtazama binti.

Gerlinde alizaliwa katika nyumba ile, na aliujua mwinuko ule tangu hajaanza kutambaa. Sentensi moja tu ingetosha. Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Baba hapendi upepo," alisema.

Machozi yalimtoka kwa kubana kicheko. Kijana wa watu akadhani ni msiba, akamshika bega. Kisha akaufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, akarudi jikoni akinyata, akaandika kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Waliomba muuguzi wa asubuhi. Wakapata muuguzi wa asubuhi, pamoja na mtu wa kuja alasiri kuongea na bibi ili kumbukumbu zisipotee.

Gari lake lilipoondoka Gerlinde akalipuka. "Uliahidi, mama!"

"Niliahidi kutooka. Nimeoka? Si liko kitandani." Walburga alikuwa na huzuni yake nyingine. "Ameondoka bila kutia kitu mdomoni. Atatusema huko kwao."

Gerlinde alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Halafu kicheko kikamwisha. "Mama, unajua, sivyo? Kwamba baba hayupo."

"Soksi za mwisho nilimvalisha mimi. Usiniulize upuuzi." Walburga alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake uliojikunja juu ya mfarishi. "Lakini kulisema lile neno, Gerlinde. Amelala. Lilikuwa tamu. Nilitamani yule kijana aulize tena."

Gerlinde alilitoa bakuli, akalitandaza donge kwenye trei, na mara ya kwanza maishani mama yake alimwacha apange matufaha bila kumkosoa. Yalikuwa yamepangwa vibaya sana.

Sasa muuguzi, Bibi Branka, huja kila asubuhi, amekwisha kuelezwa hali ya nyumba. Humwogesha Walburga, humfunga vifungo, humwuliza leo ni siku gani, na Walburga, kichwa chenye kiburi kuliko vyote bondeni, humeza matusi yake na kujibu kwa upole. Angeweza kujitakasa na wazimu kwa kufunua mfarishi tu, lakini akiufunua amempoteza Branka, na jiko pia.

"Bwana amelala vizuri?" Branka hunong'ona asubuhi za kuoka.

"Vizuri. Karibu anaamka."

Na Branka hutoka kwa ncha za vidole, akivuta mlango polepole nyuma yake. Unga haujawahi kuumuka hivyo, maana Kilian mwenyewe, enzi zake, alikuwa bingwa wa kubamiza milango. Siku hizi nyumba nzima hutembea kwa kunyata. Walburga pia huufunga mlango ule taratibu, hata siku ambazo kitandani hakuna bakuli.