Barua Niliyoikatia Umeme

Kwetu kitu hakijazimwa mpaka kichomolewe ukutani. Mama alitulea hivyo pale Mabawa: radi ikipiga, chomoa; ukisafiri, chomoa; ukilala, chomoa. Kwa hiyo siku ile, nilipomaliza kuchapa barua yangu kwenye duka la steshenari kule Usagara, nilitoa nakala moja, nikaitia mkobani, sikuihifadhi popote kwenye kompyuta. Kisha nikainama chini ya meza, nikachomoa waya. Kioo kikawa cheusi. Nikatoka nimeridhika, mwalimu mzima wa sekondari.

Barua ilikuwa ya kadhi. Niliomba ndoa yangu ivunjwe, na sababu nimeiandika waziwazi: miaka minane, mume wangu hajaniingilia hata mara moja. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeitwa tasa. Mawifi walinisimanga kwenye shughuli mbele za watu, nami nikacheka na kuendelea kupakua pilau. Mara tatu nilimwomba talaka faraghani, mara tatu akageukia ukutani. Nilimsitiri hata kwa mama yangu mzazi. Kadhi alipoambiwa kuna jambo zito, alinijibu, "Liandike, binti yangu, litabaki baina yetu na Mola." Karani wake akataka liwe limechapwa, na simu yangu mume wangu alikuwa akiipekua kila siku. Ndiyo maana nikaenda Usagara, ambako nilijidanganya kwamba sijulikani.

Asubuhi yake mwenye duka aliwasha kompyuta achape kadi za harusi. Barua yangu ikamtokea pembeni, na jina langu chini yake. Mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta ndiye aliyenieleza baadaye, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma.

"Ungeifunga kwa utaratibu, ikakuuliza kama unataka kuihifadhi, ukakataa, ingeitupa. Ulipochomoa, dada yangu, ikajua umeme umekatika kama kawaida yetu. Ikakutunzia kazi yako isipotee."

Mashine ilinionea huruma, basi. Mwenye duka hakuwa nayo. Aliipiga picha kwa simu akamtumia shoga yake mmoja, na adhuhuri haijaadhiniwa ilishafika kwa wifi yangu mkubwa. Kadhi alikuwa bado hajaifungua bahasha niliyompelekea.

Nilitegemea nitaitwa mwongo, na kwa hilo nilikuwa na majibu. Hakuna aliyeniita mwongo. Wote waliamini, kuanzia mawifi hadi walimu wenzangu, na wote wakanikasirikia mimi. Eti nimemvua nguo mwanamume. Wanawake walewale walionisimanga kwa utasa sasa walimpelekea yeye vyakula, wakipita mbele yangu na mabakuli yamefunikwa vitambaa vizuri. Mpaka leo nikikumbuka mabakuli yale napandwa na hasira.

Kaka yangu mkubwa akaniita. "Hata kama ni kweli, nenda kamtake radhi mumeo. Mambo ya chumbani hayachapwi."

Nami, niliyekuwa nimerudi kwa mama tangu barua ivuje, kwa upumbavu wangu nikaenda. Nilimkuta sebuleni, ndevu hazijachongwa, Ijumaa ya pili hajakanyaga msikitini. Nikaketi chini, maana viti vyote vilikuwa na nguo zisizopigwa pasi. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Nikamwambia sikukusudia isomwe na mtu mwingine, na kwamba kama kuna njia ya kuirudisha ningeirudisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanisogezea karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa talaka, ameshaiandika kwa mkono wake.

"Hii ningekupa tangu uliponiomba mara ya kwanza," alisema. "Lakini ningempata wapi mwanamke mwingine wa kunyamaza namna yako?"

Aliyasema kwa upole kabisa. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kuisikia kinywani mwake.