Adhana iliyochelewa kwenye simu ya Baba

Bado nasikia kijiko cha jirani kikigonga bakuli la uji.

Jioni hii Lushoto ukungu ulificha jua, umeme ukakatika, kipaza sauti cha msikiti kikanyamaza. Tukabaki tunategemea simu ya Baba itoe adhana ya Magharibi.

Sasa, simu hiyo niliichokonoa mimi. Niliandika upya sehemu ya kiini cha mfumo wa simu inayopanga kazi: kazi ndogondogo zisubiriane ili prosesa, ule ubongo wa simu, ilale, halafu iamke mara moja izimalize zote. Chaji ikawa inadumu hadi Baba ananisifia kwa wageni.

Jirani anakunywa uji. Baba ameshika tende, hajaila.

"Baba, jirani ameshafuturu."

"Simu haijaadhini."

Mama akacheka. "Simu haijafunga, Baba Zaina. Tuliofunga ni sisi."

Nikaichukua, nikagusa kioo. Prosesa ikaamka, na adhana ikalia papo hapo, kwa sauti ya juu kabisa.

Ilikuwa kwenye foleni muda wote. Mimi ndiye niliyeihesabu kuwa kazi inayoweza kusubiri.

Baba alikula tende, akasema kwa upole tu, "Mwanangu, chaji imebaki nyingi sana."

Chekeni, nawaruhusu.

Ila asubuhi nilikuwa nimewatumia wenzangu wa mradi wa kuboresha mfumo huo wa simu mabadiliko hayohayo, wayaweke kwenye simu za watu wengine. Baada ya futari nimewaandikia wasiyatumie, na simu ya Baba nimeirudishia mfumo wake wa zamani.