Mfuko wa Mkono wa Kushoto

Ukitaka kumuudhi Shangazi Waya, mwite mama wa redio. Yeye ni fundi, atakwambia, na akiwa kazini hana umama wala ubaba. Jina la Waya alibandikwa na wateja, la Shangazi likaja na mvi, na yote mawili amekwisha kuyazoea. Karakana yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Runinga zimelala chali matumbo wazi, feni zinawasubiri wenyewe waliokwisha kuzisahau, na harufu ya risasi ya kulehemu imeingia mpaka kwenye pazia.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Wakati huo alikuwa binti mdogo aliyefukuzwa kwenye karakana zote za mtaani, maana nani aliwahi kuona msichana akishika bisibisi? Mjomba hakumfukuza. Siku ya kwanza alimtazama gauni juu hadi chini, akamuuliza, "Mfuko uko wapi?" Gauni halikuwa na mfuko. Mjomba akatafuta sindano, akamshonea mmoja upande wa kushoto, uzi mweusi kwenye kitambaa cha njano, mshono umepinda kiasi cha kuchekesha. Kisha akamwambia, "Kifaa chenye umeme hushikwa kwa mkono mmoja. Wa pili unalala humu. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, njiani unapita moyoni."

Tangu siku hiyo Shangazi Waya anafanya kazi mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Wateja wageni hudhani ni maringo. Kinyozi jirani husema anatengeneza redio kama mtu anayesubiri basi. Aseme tu, lakini hakuna siku Shangazi Waya anachomeka plagi bila kumwombea mjomba wake pumziko jema.

Siku ileile ya mfuko alilambishwa pia. Hiyo ni desturi ya mafundi, na ukiwauliza ilianzia wapi kila mmoja atakupa hadithi yake. Mwanagenzi hupewa ile betri ndogo ya mraba, akaambiwa ailambe aone kama ni nzima. Ulimi unawashwa, mtoto anaruka, karakana nzima inavunjika mbavu, na kuanzia hapo umekuwa mwenzao. Yeye aliruka mpaka akapiga kichwa kwenye rafu. Mjomba alicheka, lakini alikuwa amesimama karibu, na betri aliichagua mwenyewe.

Siku hizi karakana ziko ndani ya simu. Shangazi Waya yumo kwenye kundi la mafundi, mamia ya watu, wengi hawajawahi kuonana. Ni kundi zuri, tusilipake matope. Humo hupatikana vipuri vilivyoadimika na michoro ya vifaa vya zamani, na fundi aliyekwama hapati aibu ya kuuliza. Ila domo nalo lipo. Bingwa wa domo ni fundi mmoja wanayemwita Fyuzi, baba wa mabinti, mtu wa roho safi, mdomo hauna breki.

Jumapili moja mchana, Shangazi Waya akiwa anakula chakula chake juu ya meza ya kazi, akitafuna huku anasoma, aliingia mgeni kundini. Picha yake ilikuwa ua. Aliandika kwa adabu: "Habari zenu wakubwa. Oveni ya maikrowevu taa inawaka lakini haipashi chakula. Nimeshafungua kifuniko. Nianzie wapi?"

Fyuzi hakuchelewa. "Karibu, mwenzetu. Humo ndani kuna kopo la rangi ya fedha. Lilambe. Ukisikia chumvi, ni zima."

Kundi likalipuka kwa vicheko. Mmoja akasema aongeze ndimu, mwingine akasema apige picha. Shangazi Waya mwenyewe alitabasamu na tonge mdomoni, kwa kuwa hakuna fundi duniani asiyejua kwamba lile kopo haliguswi hata kwa kidole. Linahifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme wake hauna mchezo. Utani huo ulikuwa wa mafundi kwa mafundi.

Kisha mgeni akajibu: "Asante sana mkubwa. Ngoja nijaribu."

Akaacha kutafuna. Hakuna fundi anayeweza kujibu hivyo. Huyo aliyeandika hakuwa fundi, hakujua kama anataniwa, na kifuniko kilikuwa wazi mbele yake.

Akaandika haraka, vidole vinateleza mafuta: "USIGUSE KITU. TOKA HAPO." Lakini vicheko vilikuwa vinamiminika, na onyo lake likasukumwa juu likapotea. Akaandika tena, likapotea tena. Akapiga ile namba. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga mara nyingine, kimya. Akampigia mkuu wa kundi, ambaye wote humwita Mwenyekiti.

"Funga kundi sasa hivi, mtu yeyote asiandike!"

"Shangazi, si utani tu huo? Huyu naye..."

"Mimi nililambishwa, na wewe ulilambishwa. Siku hiyo fundi wako alikuwa wapi?"

"Alikuwa... pembeni yangu."

"Na huyu pembeni yake yuko nani?"

Mwenyekiti akakata simu. Alifunga kundi, akalibandika onyo la Shangazi Waya mwisho kabisa, peke yake, chini yake pasiwe na kicheko hata kimoja. Shangazi Waya akabaki ameishika simu kwa mikono miwili. Huko nje kinyozi alikuwa anacheka na mteja, naye alitamani kumwambia anyamaze, kana kwamba kicheko hicho nacho kingeweza kulifunika onyo. Alijiona hana msaada wowote. Maisha yake yote amegusa vifaa vya hatari kwa mkono wake, na leo hatari ilikuwa mahali ambapo mkono wake haufiki.

Simu ikaita.

"Shikamoo shangazi. Nimeona umenipigia."

Ilikuwa sauti ya mtoto. Shangazi Waya akakaa chini, na kiti kikamdaka kwa bahati, maana hakukitazama.

"Marahaba mwanangu. Mikono yako iko wapi?"

"Nimeshika simu."

"Yote miwili?"

"Ndiyo, yote."

"Lile kopo umelilamba?"

"Bado. Nilienda kupiga mswaki kwanza." Akaongeza: "Kwa sababu nalamba kitu cha babu."

Hapo Shangazi Waya alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alishukuru kimoyomoyo mtu aliyemfundisha mtoto huyo usafi, yeyote yule.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Nani yuko nyumbani?"

"Babu. Amelala. Nilitaka akiamka akute imepona."

"Mwamshe. Toka jikoni, mwamshe, umpe simu. Na mimi nisikie unavyomwamsha."

Babu alikuja na sauti ya usingizi, akamsikiliza, sauti ikaamka yote. Alielekezwa achomoe waya ukutani, afunge mlango wa jiko, asiguse zaidi ya hapo. Alipoelewa alianza kumgombeza mjukuu, na Shangazi Waya akamkatiza. "Usimgombeze, baba. Mtoto ameuliza vizuri, tena kwa adabu. Sisi watu wazima ndio tuliojibu vibaya."

Mwenyekiti alipolifungua kundi, Shangazi Waya hakupiga kelele. Aliandika tu: "Mgeni wetu ni mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alikwenda kupiga mswaki ili alambe."

Fyuzi akapiga simu. "Shangazi, binti yangu wa mwisho ana umri huohuo. Nipe namba yake nimwombe radhi."

"Yeye na mimi tunaongea babu yake akiwepo. Na wewe huna haja ya kumtafuta pembeni. Omba palepale uliposemea."

Akaomba palepale, mbele ya mamia, bila kuweka kichekesho hata kimoja. Siku hizi mgeni akiuliza swali humo, Fyuzi ndiye wa kwanza kumjibu, na jibu lake la kwanza huwa: uko na nani hapo?

Wiki hiyo babu alifika karakana amebeba oveni imefungwa kwenye shuka, mjukuu nyuma yake. Mzee aliiweka mezani. "Ningeamka nikakuta nini?" alisema. Akamshika Shangazi Waya mkono, akautikisa, akasahau kuuachia.

"Anza kumshukuru marehemu mjomba wangu, baba. Mimi nakula tu alichopika yeye."

Mtoto alikuwa amekwisha kusogea mezani, macho yamemtoka, kidole kinaelekea kwenye runinga iliyo wazi. Shangazi Waya akamtazama gauni juu hadi chini. "Mfuko uko wapi?" aliuliza, na maneno yakamtoka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. Hakukuwa na mfuko. Akamweleza kwa nini unahitajika, akamwambia leo atatazama tu.

Jumamosi walirudi. Babu alikaa kwenye kiti cha wateja, kidole gumba kimefungwa plasta, anajifanya kusoma bei za betri ukutani. Mtoto akasimama mezani, na bila kuambiwa akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko mpya wa uzi mweusi, mshono umepinda kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Shangazi Waya alilazimika kugeuka, akajitia kutafuta koleo. Alipogeuka tena alikuwa na betri ndogo ya mraba mkononi. Akailamba kwanza yeye mwenyewe, uso ukamkunjika, kisha akasogea karibu kabisa na mtoto, bega kwa bega, akamnyooshea.

"Hii ndiyo inayolambwa. Ukipenda."

Mtoto alimtazama babu yake, akamtazama Shangazi, akaipokea.

"Mswaki nimepiga," alisema, akatoa ulimi.