Niliwapeleka wazazi wangu likizo Unguja, mama akagoma kushika moto

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaandika, maana nimevuka tisini na uzi huu naandika kwa vidole vyangu mwenyewe.

Humu kuna mtu ameuliza kama inafaa kuwapeleka wazazi waliostaafu wakapumzike kisiwani. Nimecheka. Mimi niliwapeleka wangu miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Sitii chumvi hata punje.

Nijitambulishe. Naitwa Kassimu, mtoto wa Mabawa, Tanga. Nilianza kwa kuosha magari kwenye gereji Nguvumali, nikajisomesha, mpaka nikafika Uingereza na kurudi na diploma ya ufundi mitambo. Mtaani kwetu hakukuwa na mwingine. Nilishuka melini na suti ya sufu, jua la Tanga linaniunguza, na sikuivua mpaka kila nyumba imeniona. Ningekuwa nayo leo ningeivaa tena.

Kule Uingereza niliona jambo. Wazee wakistaafu, mtu na mkewe hufunga mizigo wakaenda kukaa ufukweni. Hawafanyi kitu. Wanakaa kwenye viti vya turubai, wanatazama maji. Nikaapa wazazi wangu nao wataipata raha hiyo.

Baba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Si mpishi wa kubabaisha; wageni walitoka mbali kuja kula cha mkono wake.

Lakini nyumbani hakuwahi kukanyaga jikoni. Hata maji ya kunywa aliletewa. Kwetu enzi hizo, mwanamume kumpikia mzungu ilikuwa kazi ya heshima, kupika nyumbani kwake ilikuwa aibu. Kwa hiyo mama, mke wa mpishi hodari kuliko wote upande ule, hakuwahi kuonja hata kijiko cha chakula cha mumewe.

Sisi watoto hatukuliona hilo. Mama aliliona kila siku.

Nilipotangaza safari, baba akashangaa. "Tutoke pwani twende pwani? Maji ya Unguja yana sukari?"

"Baba, ni likizo."

"Likizo ni ya mwenye kazi. Mimi kazi sina tena."

"Mimi ninayo," mama akasema. "Twende."

Tukapanda meli. Suti nilivaa. Rafiki yangu wa Unguja alituachia nyumba ya kwao Bububu, karibu na ufuo, haina mtu. Asubuhi ya kwanza nikawatolea viti viwili vya turubai, nikawaketisha watazame maji. Baba alikaa kama anayengoja kuitwa barazani kwa kadhi. Mama alinyoosha miguu, akajifunga kanga vizuri, akatulia.

Jua likapanda. Baba akakohoa.

"Mama Kassimu, hatuli?"

"Tutakula ukipika."

Baba akacheka. Mama hakucheka.

"Baba Kassimu, mwanao kasema hii ni likizo, na wewe umesema likizo ni ya mwenye kazi. Basi ni yangu. Moto sishiki. Nataka kula kile ulichokuwa ukiwapikia wale."

"Watu watasema nini?"

"Watu gani? Hawa kaa?" Akaonyesha kaa wanaokimbia mchangani. "Wa Mabawa ni yupi hapo?"

Nikajitolea kwenda kununua mkate na samaki. Mama akanitupia jicho. Diploma na suti vyote vikakaa kimya.

Baba alikaa kitambo kwenye kile kiti. Halafu akainuka, akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na kuku, viazi, mayai, maziwa na sukari. Akafunga mlango wa mbele. Akafunga na dirisha la jikoni. Kisha huyo mzee asiyejimiminia maji akakunja mikono ya kanzu, akapanga makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko, na mikono ikawa inakwenda yenyewe. Mimi fundi mitambo nilisimama mlangoni natazama tu.

Akampakulia mama mkekani, kisha hakuketi. Alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimama kwa meneja.

"Keti," mama akamwambia. "Mimi si mzungu."

Akaketi, lakini hakula. Alikuwa anatazama mdomo wa mama.

Mama akatafuna. Akatafuna tena. Akanywa maji.

"Baba Kassimu, wale watu walikuwa wagonjwa?"

"Kwa nini?"

"Pilipili hakuna, tangawizi hakuna, hata ndimu. Hiki si chakula cha mtu anayeuguzwa?"

Baba akanywea. "Ndivyo walivyotaka," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akaleta kastadi. Laini, inatikisika kwenye sahani, sukari iliyounguzwa inachuruzika pembeni. Mama akaonja kijiko kimoja. Akala yote. Akavuta na sahani yangu. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hii," akasema, "ulikuwa unaijua muda wote huu?"

Baba aliinuka, akarudi jikoni kupika nyingine.

Siku zilizobaki zilikuwa raha tupu. Baba anapika, mama kaketi mlangoni pa jikoni anamfundisha kutia nazi na pilipili.

"Hiyo chumvi, au unazindika nyumba?"

"Nyamaza wewe, mgeni haingii jikoni kwa watu."

Bahari hakuna aliyeitazama tena.

Tulipokuwa melini tunarudi, mama akaninong'oneza: "Imekwisha hiyo. Mabawa hapiki."

Na kweli. Tulipofika, baba akarudi barazani na kofia yake, akawa analetewa chakula kama zamani. Mama akarudi kwenye moto wake.

Asubuhi moja natoka nje, namkuta baba barazani, mbele ya mtaa mzima, amekalia mbuzi anakuna nazi. Mwanamume! Hadharani! Jirani yetu Mzee Bakari, seremala na mtani wake tangu ujana, akasimama katikati ya njia, randa mkononi.

"Ee bwana Salehe! Umeolewa?"

Mtaa ukaangua kicheko. Mama alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Baba hakuinua kichwa. "Nimestaafu," akasema. "Nilipowapikia wageni mlinipa heshima. Leo nampikia mke wangu, cheka mpaka mbavu ziume. Kikiiva tu, usije kunipigia hodi."

Mzee Bakari akaenda zake anacheka. Adhuhuri akapiga hodi, na sahani kaja nayo mwenyewe.

Funzo langu kwenu: kabla ya kuwakatia wazazi tiketi, muulizeni mama amechoka na nini. Viti vya turubai ni vya wazungu. Lakini bila safari yangu mama asingeionja ile kastadi, kwa hiyo sifa naichukua yote.

Haya, semeni. Nani humu mama yake amewahi kula cha mkono wa baba? Na wabishi nao karibuni, ila mje na sahani zenu.