Nta Katikati ya Santuri

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Fundi Mkuu, kama tulivyomwita hapa sokoni Tabora ingawa hakuwa na fundi mwingine chini yake, aliniketisha kwenye kigoda nimtazame akiosha santuri: maji ya vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini kikiifuata mifereji kwa kuzunguka, kamwe kisiikate. Jioni akasema, "Kijana, una mikono mizuri, ila una wasiwasi. Wasiwasi unakwaruza." Hakumaliza mwaka, akafariki. Mengine nilijifundisha mwenyewe, wasiwasi ukiwa palepale.

Nilikusanya santuri ndogo tu, zile za wimbo mmoja kila upande na tundu pana katikati, za nyimbo za huzuni za miaka ya themanini. Mimi sikuwa nimezaliwa. Wakulima wa tumbaku walizinunua baada ya mauzo, nyimbo za lugha wasizozijua, kwa kuwa kilio walikielewa. Nilizifuata kwa pikipiki. Kijijini Ziba niliikuta moja ikifunika mtungi wa maji. Isikizya sikupata kitu, nikarudi na homa. Kila niliyoipata niliiosha mpaka niridhike, na sikuwahi kuridhika.

Kisha Ipole, kwa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe, mrina asali. Gramafoni yao ilikufa zamani. Alitaka kuisikia santuri yao kwenye gramafoni yangu ya betri, kabla masikio yake hayajaziba kabisa. Tundu la katikati lilikuwa limelika, na mumewe alilizungushia nta ya nyuki ili santuri ishike. Nta ilikaa upande. Nikasema nitaibandua niiweke sawa.

"Usiiguse, mjukuu wangu," akasema. "Hiyo kaiweka mwenyewe."

Nikaiacha. Wimbo ukatoka ukiyumba, sauti ikipanda na kuzama kama mtu mwenye usingizi. Mimi nilikunja uso; bibi akasimama. Aliinua mkono wa kushoto, akautuliza hewani mahali ambapo pangekuwa na bega la mtu, na kila wimbo ulipozama, naye alizama kidogo. Kabla haujafika nusu, nta ile kavu ikapasuka, santuri ikateleza, sindano ikaruka.

Hakulia. Alileta donge la nta mpya, akanitania kwamba vijana wa mjini tunaosha santuri kama watoto wachanga, basi atuone kama kulea nako tunajua. Nikailainisha, nikaizungusha tunduni. Nilitakiwa kukosea, tena kosa la mtu mwingine, kwa kipimo chake. Nikasogeza huku, nikasogeza kule. Alisikiliza kila jaribio akiwa amesimama, mkono juu.

"Ni nzuri," akasema mwishowe, akiushusha. "Ila huyu simjui."

Nilimwachia gramafoni. Nikiwa nafunga mzigo kwenye pikipiki nilisikia wimbo ukianza, ukikatika, ukianza tena. Nilipochungulia, alikuwa akiikandamiza nta kwa kidole gumba chake, na kila mara wimbo uliyumba kivingine.

Sasa mimi ni mstaafu, kijana wa miaka ishirini na tisa. Wanaokuja kujifunza nawaonyesha maji, sabuni na kitambaa. Wakiuliza kwa nini niliacha kukusanya, nawaambia sina gramafoni.