Ushahidi wa Mfuga Njiwa

Kama siku hizi ninalala usingizi wangu wote, namshukuru Mungu, kisha namshukuru Abu Sanad, mfuga njiwa wa mtaa wa juu. Mhandisi mzima mimi, mwenye shahada mbili, nimeokolewa na mzee mwenye fimbo iliyofungwa kitambaa cheusi cha kuwapungia njiwa. Sioni haya kulisema. Haya zangu zote nilizimaliza mwaka ule.

Kazi yangu ni kupima majengo yanayouzunguka uwanja wa zamani wa ndege, mashariki mwa Amman. Ndege ikishuka hufuata mteremko wake angani, na chochote kinachochomoza kwenye mteremko huo ni hatari: ghorofa, kreni, mnara wa simu. Makundi ya njiwa nayo ni hatari, maana huvutwa ndani ya injini. Ndiyo sababu wafugaji wa mtaa ule wakituona hujifungia ndani. Tukimwandika mtu, njiwa wake huondolewa.

Abu Sanad alikuwa fundi wa plasta mpaka magoti yalipomgomea. Mkewe alipofariki akahamia juu ya paa, kwa njiwa wake, akawa anashuka kula na kuswali tu. Watu wa Amman huwaona wafuga njiwa wote waongo. Wanamvuta njiwa wa jirani, kisha wanaapa kuwa amezaliwa kwao. Husemwa hata mahakamani ushahidi wao haupokelewi. Kwa hiyo alipokuja ofisini kwetu kusema kwamba jengo jipya la ndugu wanne wa mtaani kwake litagongwa na ndege, meneja wangu alicheka mpaka akapaliwa.

"Ami, njiwa ndio wamekwambia?"

"Macho yangu ndiyo yameniambia. Njiwa wana adabu zao, hawamchongei mtu."

Alirudi mara ya pili. Mara ya tatu akaletwa kwangu, kwa sababu jengo lile nililipitisha mimi: ghorofa nane, mita nne chini ya mteremko, na sahihi yangu hapo chini. Nikapanda naye hadi kwenye paa lake, nia yangu ikiwa kumfunga mdomo.

Alinipa chai ya maramia, yale majani ya harufu kali, sukari tele. Mbele yetu vyuma vya lile jengo vilikuwa vimesimama kama mbavu.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu," akasema. "Nyumba yangu ni ghorofa tano. Na ya tano yao hiyo hapo, tunatazamana nayo. Bado tatu. Sasa jana ndege imepita pale," akanyoosha fimbo, "nikasoma namba zake tumboni bila miwani."

"Ghorofa nane hazifiki huko, ami. Nimepima kwa chombo."

"Umepimia mlango upi?"

Nikaiweka chai chini. Mji wetu umejengwa kwenye migongo ya vilima, na jengo moja huwa na mlango mtaa wa juu na mlango mtaa wa chini. Ghorofa zilizo chini ya mlango wa juu tunaziita taswiya, wala hatuzihesabu. Watu wanaishi humo, wanaozesha humo, lakini kwenye karatasi si ghorofa. Mimi nilisimamisha chombo mtaa wa chini, kwa kuwa kulikuwa na kivuli na mahali pa kuegesha gari, kisha nikapandisha ghorofa nane za kwenye karatasi. Zile nane zilikuwa zinaanzia juu ya taswiya tatu. Nimezaliwa Amman, nimelelewa ndani ya taswiya, na bado nilikosea.

"Mtaa wa chini," nikajibu.

"Wa chini," akarudia taratibu, kama anayemwambia mtu kuwa amevaa viatu kinyume.

Tulipima upya alasiri ile ile, yeye akinishikia mti wa vipimo. Jengo lingepita mteremko kwa mita sita. Nilikaa juu ya tangi lake la maji nikawawaza abiria, mmoja mmoja, na mikanda yao.

Asubuhi nilisema yote mbele ya meneja na wale ndugu wanne. Mkubwa wao akaja juu: "Mnatusimamishia jengo kwa neno la mfuga njiwa?"

"Kwa neno langu," nikasema. "Nimekosea mimi."

Jengo likaishia ghorofa ya sita. Mimi nikapewa barua ya onyo, na nilistahili.

Ikabaki ripoti mpya. Ilitakiwa iandike kila hatari iliyoonekana, na shahidi atie saini. Abu Sanad akaja amenyoa, amevaa koti lake la kuendea arusi za watu. Akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Penye safu ya makundi ya njiwa kidole chake kikasimama.

"Hapa hamna kitu."

"Najua, ami."

"Chai yangu umeinywa, na njiwa hukuwaona?"

"Nakuomba, ami. Tia saini uende zako. Umetufanyia wema mkubwa, mimi siwezi kukulipa hivi."

Nikamnyooshea kalamu, hakuipokea. "Ulijua tangu siku ya kwanza?" nikamuuliza. "Kwamba ukija kwetu, tutawaona njiwa wako?"

"Mwanangu, mimi nakaa mtaa ule miaka arubaini. Najua mnachofanya." Akavuta karatasi upande wake. "Juzi ulikosea kwa kutojua. Leo utasema nini?"

Nilikuwa nalia, na nilimpenda mzee yule kama baba yangu. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika kwa herufi kubwakubwa za fundi: Njiwa sitini na wawili, mali yangu. Kisha akatia saini.

"Ila mkija kuwachukua, ngojeni wiki mbili," akasema. "Kuna jike anaatamia."